Kipimo cha Mafuta

Mapishi mepesi ya kila siku, katika nyumba ya watu wawili, huanza na hesabu ya mafuta. Mke na mume wanaonunua dumu la lita 5 na kulimaliza kwa mwezi wamekula, kila mmoja, karibu gramu 77 za mafuta kwa siku. Gramu moja ya mafuta hubeba kilokalori 9, na gramu ya wanga au ya protini hubeba 4. Kwa hiyo gramu hizo 77 zinakaribia kilokalori 700, theluthi moja ya mahitaji ya siku nzima ya mtu mzima ambaye kazi yake ni ya kukaa. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yote ayalayo mtu, yanayoonekana na yasiyoonekana, yasizidi asilimia 30 ya nguvu anayoipata kutoka kwenye chakula. Dumu peke yake limekwisha kuvuka mpaka huo kabla ya samaki, nazi na karanga kuhesabiwa. Dumu hilo hilo likimalizika kwa miezi mitano, kila mmoja anabaki na gramu 15 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chakula.

Nachingwea na Ruangwa, mafuta yanayotoka dumuni ni sehemu tu ya mafuta yanayoingia jikoni. Wilaya hizi mbili za Mkoa wa Lindi zinalima karanga, ufuta na korosho, na nazi hupanda kutoka pwani. Mbegu ya ufuta ni mafuta kwa karibu nusu ya uzito wake, karanga hali kadhalika, na korosho haiko mbali nazo. Kisamvu kilichoanza na kitunguu cha kukaangwa, kikatiwa karanga za kutwanga na kumaliziwa kwa tui kimetiwa mafuta mara tatu, na anayekila anaweza kuapa kwamba usiku huo amekula majani tu. Kupika chakula chepesi katika mazingira haya hakuhitaji vyakula vigeni wala vya bei. Kunahitaji mafuta yaingie sufuriani mara moja, na mara hiyo, inapowezekana, yaingie pamoja na mbegu yake.

Historia ya mahali penyewe inaipa hesabu hii kejeli yake. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na watu wake walikuwa wakigawiwa mafuta ya kula kwa kadi. Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alipendekeza karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ukapita kukagua ardhi. Na serikali ya Clement Attlee ikaridhia mpango wa ekari 3,210,000 katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, sehemu kubwa kuliko zote ikiwa katika Jimbo la Kusini, ambako Nachingwea ilikuwa kitovu. Msitu uling'olewa, bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikatandazwa hadi Nachingwea. Januari 1951 mpango ulifutwa baada ya kumeza karibu pauni milioni 36, na reli nayo ikaondolewa baada ya uhuru. Ardhi hii, kwa maneno mengine, iliwahi kupasuliwa kwa matingatinga ili mkate wa Mwingereza upate majarini.

Leo safari ya mafuta imegeuka, ila haijawa rahisi kueleweka zaidi. Ufuta wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale hukusanywa na vyama vya msingi, AMCOS, huingia stakabadhi ghalani, huuzwa kwa mnada chini ya chama kikuu cha RUNALI, kisha sehemu kubwa huvuka bahari kwenda Asia, China ikiwa mnunuzi mkubwa. Madukani, mahali ambapo ufuta huo ungeweza kukaa, pamepangwa madumu ya mafuta ya mawese yenye asili ya Malaysia na Indonesia, kwa kuwa Tanzania bado inaagiza nje zaidi ya nusu ya mafuta yake ya kula. Mkulima huuza mbegu ambayo nusu yake ni mafuta ili apate fedha za kununulia mafuta. Kibiashara huenda hajakosea, maana bei ya ufuta ni nzuri. Kilishe amebadilishana vibaya: karibu nusu ya mafuta ya mawese ni ya aina inayoganda, ile inayohusishwa na kuziba kwa mishipa ya damu, na kwa ufuta sehemu hiyo ni takriban moja ya saba tu. Zaidi ya hayo, ufuta unapoliwa mzima au wa kutwangwa huja na protini, chokaa na nyuzinyuzi, ambazo dumu halina hata chembe.

Kupunguza mafuta hakuanzi jikoni, kunaanza gengeni. Mafuta huuzwa pia kwa kipimo, mnunuzi akija na kichupa chake, na anayenunua hivyo hulipa zaidi kwa kila lita. Hata hivyo mkono wake una mpaka: kipimo kikiisha, kimeisha. Anayehamia kwenye dumu kwa kuwa mshahara umeongezeka huokoa fedha na kupoteza mpaka huo, na hapo ndipo kumimina kunapochukua nafasi ya kupima. Njia ya kati ni kununua dumu na kumimina kila Jumamosi mafuta ya wiki katika chupa ndogo. Kwa watu wawili, kijiko kimoja kila mtu kwa siku, robo lita inatosha wiki nzima. Chupa ikikauka Alhamisi, Ijumaa na usiku wake ni za chukuchuku.

Na chukuchuku si adhabu. Pwani yote ya Waswahili inaujua mchuzi usiotiwa mafuta wala nazi: samaki, maji, kitunguu, nyanya, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili na ndimu. Utamu wake hutoka katika uchachu na harufu, na kadiri viungo hivyo viwili vinavyosimama imara ndivyo ulimi unavyosahau kuulizia mafuta. Ukwaju hufanya kazi ile ile, na embe bichi pia katika msimu wake. Mahali ambapo mafuta mengi hupotea bure ni katika kukaanga kitunguu mpaka kiwe kahawia. Sufuria za aluminiamu zinazouzwa minadani ni nyembamba. Moto wa mkaa huzipiga chini mahali pamoja, kitunguu huungua, na mpishi huongeza mafuta kukiokoa. Sufuria nzito, au chungu cha udongo, huruhusu kitunguu na nyanya kulainika kwa maji yake vyenyewe vikifunikwa, kijiko cha mafuta kikingoja mwisho. Rangi haitakuwa ile ya hotelini. Ladha itakuwepo.

Nazi ina shida yake kwa watu wawili. Haigawiki. Nusu iliyobaki huchacha kesho yake nyumba isipokuwa na jokofu, kwa hiyo nazi nzima hukunwa na nazi nzima huliwa. Mpishi wa pwani ana jibu tayari: tui la kwanza, zito, liitwalo kasimele, ndilo lenye sehemu kubwa ya mafuta, la pili na la tatu ni maji yenye harufu ya nazi. Mboga ikipikwa kwa tui jepesi, kisha vijiko viwili vya kasimele vikatiwa sufuria inapoteremshwa, pua hudanganyika kabisa. Kasimele iliyobaki huenda kwenye wali wa siku hiyo hiyo, na mboga ya kando ya wali huo hupikwa bila nazi. Mafuta ya nazi ni ya kuganda kwa sehemu kubwa sana, takriban tisa ya kumi, hivyo hakuna sababu ya nazi kuingia kila sufuria ya kila siku, hasa huku bara ambako husafirishwa kutoka pwani na karanga ziko uani.

Karanga zinastahili kukaliwa kidogo. Kiganja kimoja, gramu 30 hivi, kina karibu kilokalori 170 na gramu 15 za mafuta, sawa na kijiko cha mafuta ya dumu; ila kiganja hicho kina pia gramu 7 au zaidi za protini, nyuzinyuzi na vitamini za kundi B. Kwa hiyo karanga haziongezwi juu ya mafuta, zinakaa mahali pake. Mboga ya matembele, ya majani ya maboga au ya majani ya kunde iliyotiwa unga wa karanga haihitaji kijiko cha mafuta, na mlenda hauhitaji chochote kati ya viwili hivyo. Wala kuondoa mafuta kabisa katika majani si busara. Rangi ya kijani kibichi ya majani hayo huficha karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, na karotini hufyonzwa vizuri ikiambatana na mafuta kidogo. Mabibi waliotia karanga katika majani hawakuwa na mizani wala kitabu cha lishe, lakini sufuria yao haikuwa na kosa.

Taasisi ya utafiti wa kilimo ya Naliendele, karibu na Mtwara, ilitoa mwaka 2009 aina kadhaa za mbegu za karanga zenye majina ya huku: Mangaka, Mnanje, Masasi, Naliendele na Nachingwea yenyewe. Jina la mji ulioshindwa na karanga za Waingereza limebaki katika pakiti ya mbegu. Mbegu bora, hata hivyo, haizuii uvivu wa kuhifadhi. Karanga zilizoanikwa vibaya au kuwekwa mahali penye unyevu huota ukungu unaozalisha sumukuvu, sumu inayoharibu ini na isiyoondolewa na moto wa kawaida wa kupikia. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na tangu hapo neno hilo limejulikana hata vijijini. Kinga ya nyumbani ni ungo: punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu hutolewa moja moja kabla ya kukaangwa. Tabia ya kuzitwanga zile mbovu kwa sababu kwenye mboga hazionekani ni tabia mbaya kuliko dumu zima la mawese.

Majani ya huku yana sheria zake pia, na si zote zinafanana. Mchicha na matembele hupikwa dakika chache, kwa maji kidogo, na maji hayo huliwa, kwa kuwa vitamini C huyeyuka ndani yake na joto la muda mrefu huiharibu. Kisamvu kinakataa haraka hiyo. Majani na mizizi ya muhogo vina kemikali inayotoa sianidi. Kutwanga huvunja majani na kuiachilia, na kuchemsha kwa muda mrefu huifukuza pamoja na mvuke. Anayesikia kwamba mboga zipikwe kidogo na kuitumia kanuni hiyo kwa kisamvu amejifunza nusu ya somo. Mizizi michungu ina hatari kubwa zaidi. Ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ghafla na usiotibika, umewahi kuripotiwa katika Mkoa jirani wa Mtwara na kule Mbinga, hasa miaka ya njaa ambapo muhogo haukulowekwa vya kutosha. Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alieleza njia nyepesi ya kusafisha unga wenyewe: unga wa muhogo hulowanishwa, hutandazwa kwa unene wa sentimita moja, na kuachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini kabla ya kusongwa siku hiyo hiyo.

Magadi, yanayotiwa kwenye mlenda na kunde ili vilainike upesi, yana sodiamu kama ilivyo chumvi, na huharibu baadhi ya vitamini. Kunde zilizolowekwa tangu jioni hazihitaji magadi.

Mbaazi ndiyo nyama ya huku, ingawa wengi huionea haya wanapopata mgeni. Hupandwa pamoja na mahindi, hubaki shambani mahindi yakishavunwa, na huliwa kwa namna mbili: mbichi, ikichemshwa na maganda yake na kuliwa barazani, au kavu. Gramu 100 za mbaazi kavu zina protini inayozidi gramu 20 na mafuta yasiyofika gramu 2. Mwaka 2017 India, mnunuzi mkuu, ilipoweka ukomo wa kuingiza mbaazi, bei ilianguka kusini yote na magunia yakabaki mikononi mwa wakulima. Hilo lilikuwa pigo la fedha. Ajabu ni jinsi mbaazi ilivyoendelea kutazamwa kama bidhaa iliyokosa soko, na si kama chakula kilichobaki nyumbani. Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, na mbaazi inayo. Protini ya mbaazi ina upungufu wa methionini, na ufuta unayo kwa wingi. Ugali, mbaazi zilizochemshwa na kijiko cha ufuta uliokaangwa mkavu na kutwangwa, hivyo vitatu katika mlo mmoja vinazibiana pengo kwa kiwango ambacho nyama ndogo ya Jumapili haiwezi kukifikia. Pingamizi la kweli ni kuni. Mbaazi kavu hula mkaa. Kuloweka usiku kucha hupunguza muda wa jiko kwa kiasi kikubwa, na kuchemsha za siku mbili kwa mara moja hupunguza zaidi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe na nishati hiyo ifikapo 2034. Mpaka mtungi wa gesi ufike kila nyumba, maji ya kulowekea yanabaki kuwa msaada wa bure.

Ugali hushughulikiwa haraka, kwa kuwa tatizo lake ni moja: wingi. Nusu kilo ya unga kwa watu wawili ni kilokalori 900 kwa kila mmoja, kabla ya mboga. Gramu 300 zinatoa 540, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko faida yoyote ya kubadili aina ya unga. Dona haina nguvu kidogo kuliko sembe. Inachotoa zaidi ni pumba na kiini, yaani nyuzinyuzi zinazoshibisha kwa muda mrefu na vitamini ambazo mashine ya kukoboa huwapa kuku. Kiini kina mafuta, na kwa hiyo dona huchacha mapema. Watu wawili wanaosaga debe zima watatupa nusu. Kusaga kilo chache kila baada ya wiki mbili ndiyo kiasi chao.

Samaki hufika Nachingwea na Ruangwa kutoka pwani akiwa amekwisha kuandaliwa kwa safari: amekaangwa, au amekaushwa kuwa ng'onda. Wa kukaangwa amebeba mafuta yake tayari, na kumrudisha kwenye mafuta kabla ya kumtia mchuzi ni ubadhirifu. Maji ya moto na nyanya vinamtosha. Ng'onda amebeba chumvi. Hulowekwa, maji humwagwa, kisha mchuzi hupikwa bila kutiwa chumvi na kuonjwa mwisho. Kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa mtu, na katika gramu hizo vimo ng'onda, magadi, mchuzi wa unga wa kopo na chumvi inayonyunyizwa juu ya embe.

Asubuhi, chai yenye vijiko vitatu vya sukari na maandazi mawili ina ushindani dhaifu wa kilishe mbele ya muhogo wa kuchemsha, kiazi kitamu au uji wa mtama. Ushindani wenyewe ni wa muda: maandazi yapo mlangoni saa 12, na muhogo unahitaji mtu wa kuuwashia jiko. Ukichemshwa usiku, hupashwa asubuhi kwa mvuke.

Hapo suala la mapishi linageuka kuwa suala la mikono. Mafuta ya dumu hayakushinda kwa utamu peke yake. Yalishinda kwa kuokoa muda. Kumimina huchukua nukta chache. Kuchambua karanga, kuzikaanga, kuzimenya na kuzitwanga huchukua nusu saa, na kisamvu huchukua zaidi, ukiacha nyumba zenye mashine ya kusagia jirani. Chakula chepesi, kwa hali ya huku, ni chakula chenye kazi nzito zaidi. Mume akitoka kliniki na kutangaza kwamba kuanzia leo nyumba inakula kiafya, kisha akakaa barazani kungoja, ametoa agizo la kazi kwa mtu mwingine, na mpango wa namna hiyo haumalizi mwezi. Unaodumu ni ule ambao mmoja anakuna nazi mwenzake akitwanga, au mmoja anaosha majani na kuwasha jiko kwa kuwa ndiye aliyetangulia kufika.

Desturi za kusini hazikuwaandaa watu kwa jiko la wawili. Kwa Wamwera, Wayao, Wamakua na Wamakonde ukoo ulihesabiwa kwa mama, na kwa kawaida ya zamani mume ndiye aliyehamia kwa wakwe. Jiko lilikuwa la mama, mabinti na dada zao. Chakula kilipikwa kwa wengi na mume alikula pamoja na wanaume. Unyago ulimfundisha mwali kumlisha mume, na jando halikumfundisha kijana kusonga. Mwalimu aliyepangiwa shule mpya, muuguzi, fundi, au mfanyakazi wa mgodi wa grafiti huko Ruangwa, anayeishi na mwenzake katika vyumba viwili vya kupanga, yumo katika hali ambayo mafunzo hayo hayakuitazamia: hakuna shangazi wa kutwanga, hakuna kundi la kula, na sufuria ni ndogo kuliko mazoea ya mkono. Ni vizuri pia kukumbuka kwamba vibanda vya chipsi vya miji hii vinashikwa zaidi na wanaume, wanaomenya, kukata, kukaanga na kuosha hadi usiku wa manane. Kwa hiyo si kweli kwamba mwanamume hajui jiko. Analijua likiwa na malipo.

Kuna pia lugha ya mafuta yenyewe. Mchuzi ambao mafuta yanaelea juu umekuwa ishara ya heshima na ya uwezo. Mchuzi uliokauka husomwa kama ufukara, au kama nuno la mke ambaye jana aliudhiwa. Mke anayepunguza mafuta bila kusema anaweza kujibiwa kwa swali ambalo halihusu chakula, na mama mkwe akiwepo swali hilo huwa na mashahidi. Makubaliano yanatakiwa kutangulia kijiko. Inasaidia yakifanyika mchana, watu wakiwa wameshiba.

Mara nyingi mazungumzo hayo huletwa na ugonjwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne Tanzania, wa miaka 25 hadi 64, alikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa wakijua. Anayepimwa katika hospitali ya wilaya, au ile ya Nyangao au ya Ndanda, hurudi na orodha: chumvi kidogo, mafuta kidogo, mboga nyingi. Nyumba nyingi huitikia kwa kumtenga: sufuria ndogo ya mgonjwa, isiyo na ladha, kando ya sufuria ya wazima. Huo ni mpangilio mbaya mara tatu. Unaongeza kazi ya mpishi, unamfanya mgonjwa ajione amefungwa, na unamwacha mwenzake, ambaye amekula chumvi ile ile kwa miaka ile ile, aendelee kuelekea kliniki hiyo hiyo. Sufuria moja iliyopunguzwa kwa wote wawili, kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, huzoeleka. Ulimi hujirekebisha kwa chumvi pungufu ukipewa muda. Wanandoa wanaokula sinia moja wana sababu ya ziada. Katika sinia hakuna sehemu ya mtu, mkono wenye kasi hupata zaidi, na ushauri wa kugawa sahani nusu mboga, robo ugali na robo mbaazi au samaki hauna mahali pa kushika. Kipimo kinabidi kifanyike sufuriani: unga mchache, majani mara mbili ya ilivyozoeleka.

Wepesi wenyewe haustahili kuwa sawa mwaka mzima. Mvua za huku ni za msimu mmoja, zinazoanza karibu na Desemba na kukoma Aprili au Mei. Januari hadi Machi ni miezi ya jembe, na kwa wengi ndiyo miezi ya ghala tupu, ambapo ming'oko huchimbwa porini kuziba njaa. Mtu anayepalilia ufuta kutwa anahitaji nguvu nyingi kuliko karani, na kumwekea gramu 300 za unga za watu wawili kwa jina la afya ni kumdhulumu. Palipo na mkulima na mwalimu katika nyumba moja, mboga huwa ile ile na bonge la ugali hutofautiana. Juni hadi Septemba, mbaazi mbichi zikiwepo na mavuno yakiwa ndani, ndio wakati wa kupunguza. Kuanzia Oktoba mabibo huanguka chini ya mikorosho, yenye vitamini C mara kadhaa ya chungwa, na mengi huishia kwenye pombe au kuoza pale pale. Yakikamuliwa na kuchujwa, au kutafunwa yakiwa na chumvi kidogo kuua ukakasi, yanaondoa haja ya soda.

Ramadhani huvuruga kila kitu hapo juu, kwa kuwa futari hukusanya muhogo wa nazi, tambi, kalimati na uji wenye sukari katika saa moja, na jirani huleta chake. Nyumba za wawili hupunguza kwa kupika aina moja au mbili tu kila siku na kuzungusha: leo muhogo wa tui jepesi, kesho magimbi ya kuchemsha na samaki wa chukuchuku, kalimati zikingoja Ijumaa. Wageni, nao, hawangoji mwezi wowote. Ndugu wa mke akifika jioni bila taarifa, mbaazi huongezwa maji na kijiko cha karanga, unga hupimwa upya kwa watu watatu, na kama mchuzi hauelei mafuta, mwenyeji huutaja ukavu wake mwenyewe kabla mgeni hajanawa.